Kaburi la Mama Mgeni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani kila chenye heshima kimewekewa kibao.

Watu wa mambo ya kale walipokipaka rangi kile kibao cha magofu ya kijijini kwetu, pale barabarani, harufu ilinirudisha kwa mama yangu. Namwona, mimi bado mtoto, amechuchumaa papo hapo kando ya barabara, anapaka chokaa kaburi la mwanamke aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, akafia kwetu hata jina hajatuambia. Mimi nimeshika kifuu cha chokaa, vidole vinaniwasha.

“Mama, huyu ni nani wetu?”

“Kafa kanishika mkono, kwenye mkeka wetu. Wataka udugu gani tena? Shika kifuu vizuri, unamwaga!”

Sasa mkubwa wa wale wapaka rangi, bwana wa vibao, akauliza kaburi lile ni la nani. Mjukuu wangu wa kike akaninong'oneza, “Bibi, tuseme la sheikh mkubwa, nalo liwekewe kibao. Barabara ikipanuliwa watalisawazisha.”

Nikamwambia yule bwana kweli: ni la mama mgeni, jina hatulijui. Akafunga daftari lake, akaenda zake.

Jioni nikawaagiza wa nyumbani kwangu: “Katapila likija, tokeni wote mkasimame pale. Mkiulizwa, semeni ni mama yenu. Jina msimzulie.”