Nilibonyeza "Hapana"

Hata kuandika haya naona aibu. Mimi na mwenzangu Kulwa tunachapa kazi za watu kwenye steshenari moja hapa Somanda. Kompyuta zetu mbili zimeunganishwa, na faili moja tunaweza kulifungua wote.

Wiki iliyopita familia moja ya Sapiwi ilileta wasifu wa baba yao aliyefariki. Nikauchapa, na kwa haraka zangu nikamweka mwanawe wa kwanza, Masanja, kati ya watoto waliokwisha kufa. Kulwa akaliona kosa, akalisahihisha kwenye kompyuta yake, akatoka kwenda kunywa chai bila kuniambia.

Kwenye skrini yangu kikatokea kidirisha: faili limebadilishwa kwingine, je, ulifungue upya? Vidirisha vya namna hiyo hunikera. Nikabonyeza "Hapana", nikahifadhi, nikatoa nakala zote. Tena nikazipeleka msibani mwenyewe, nionekane mtu wa watu.

Mchungaji akasoma kwa sauti nzito: "Marehemu alitanguliwa na mwanawe mpendwa, Masanja."

Masanja alikuwa amesimama kando ya jeneza, ameshika msalaba. Mama yake akapiga yowe, "Ng'wanawane! Mwanangu!" akamkumbatia kama anayenyang'anywa.

Hapo ndipo nilipoelewa kidirisha kile kilikuwa kinaniambia nini.

Mchungaji akainua karatasi. "Nani ameandika hii?"

Masanja akanitazama, nami nimesimama katikati ya waombolezaji, nakala zilizobaki zikiwa mikononi.

"Ni mimi, Mchungaji," nikasema.