Geti la Kibakwe lilivyotupatanisha mimi fundi na dada wa mapokezi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni fundi wa kuchomelea, elimu yangu la saba, herufi zikiruka mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, na wahusika nawataja. Wakisoma wakasirike.

Karakana yetu iko Msalato. Mbele kuna ofisi ya kioo na feni, humo anakaa Getruda anayepokea wateja. Nyuma ni sisi na cheche. Bosi wetu, Lameki, alipiga marufuku fundi kuonekana mbele, eti masizi yetu yanafukuza wateja. Macho nimeyaunguzia kwa huyo bwana, halafu natisha!

Basi oda zinakuja kwa meseji: upana, urefu, rangi. Ukiuliza zaidi, Getruda anajibu, "Baba Neema, wewe choma tu."

Nami nachoma tu. Kiburi kwa kiburi.

Ikaja oda ya mzee mmoja wa Kibakwe, anaozesha binti. Geti likatoka zuri, maua mpaka juu. Getruda akapanda gari nasi, akapige picha za tangazo.

Tukalifunga. Mzee akasukuma. Likaenda shibiri moja, kwaruu, likagoma.

Kibakwe ni milima jamani! Kiwanja cha mzee kinapanda kuelekea nyumbani, na geti nimelitengeneza lifungukie ndani. Linakula udongo.

"Fundi gani huulizi kiwanja kikoje?" Getruda huyo.

"Nikuulize wewe wa choma tu?"

Dereva wetu Musa, mbea wa kutupwa, alishampigia bosi. Lameki akapiga: "Geti likirudi Msalato, nyie wawili msirudi nalo."

Hapo ndipo tukawa ndugu, wakuu. Kwa umri wangu kazi ningeipata wapi?

Mzee anafoka, kesho magari ya harusi yapite wapi? Mimi ningefungua mdomo ningemwambia achonge mlima wake. Getruda akamsalimia upya kwa Kigogo, akaulizia bibi harusi, mzee akapoa. Nikamnong'oneza: "Muulize kama tunaweza kulifungulia nje."

Akauliza. Mzee akasema huko nje ni kwake pia, tena kunashuka. Nikawasha jenereta, nikakata bawaba, nikazihamisha. Geti likafunguka mpaka mwisho, akina mama wakapiga vigelegele!

Tukaletewa ugali wa uwele na mlenda, sahani moja.

"Kumbe unaongea, Baba Neema!"

"Kumbe unakula mlenda, wewe wa kwenye feni!"

Siku hizi mteja akija Getruda ananiita, nakaa kwenye kiti cha wageni na masizi yangu, nauliza ya kwangu. Wateja wanafurahi kumwona fundi. Lameki alinuna wiki nzima, sasa anawatangazia watu kwamba wazo ni lake. Muongo mkubwa.

Nilichojifunza: anayeongea na mteja na anayetengeneza wakae pamoja kabla chuma hakijakatwa. Kila mmoja anajua nusu.

Nyie huko maofisini mnaishije, watu wa mbele na wa nyuma? Shusheni visa vyenu. Ila Lameki msimtukane, hiyo zamu ni yangu.