Mikono Iliyompima Mbwa

Mbwa wetu wa kwanza nilimuua mimi, tena kwa nia njema. Alikuwa akiburuta makalio uani na kinyesi chake kimejaa minyoo, nami nikamnywesha dawa ya ng'ombe iliyobaki chupani. Kipimo nilikisia. Kesho yake hakuamka. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Kukisia ndiko kulikomuua," na maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Alipokuja wa pili, naye akaanza kujiburuta vivyo hivyo, mama alinipeleka agroveti, duka la dawa za mifugo pale Ekerenyo. "Ana kilo ngapi?" muuzaji akauliza. Hatukujua. Akakataa kutuuzia chochote mpaka tujue, na mama akampenda kwa hilo.

Tukampeleka mbwa kituo cha kupimia chai, mama alikopeleka majani aliyochuma. Karani akashika kiuno. "Mama, hii mizani ni ya majani, si ya mbwa."

Hakukosea, chai hunywewa na watu. Mama hakubishana. Alimbeba mbwa kifuani, akafumba macho, akamweka chini. Akainua kikapu chake cha majani, akapunguza konzi mbili. Akamrudia mbwa, akakirudia kikapu, akaongeza kiganja. Wachumaji wenzake walicheka hadi wakapaliwa. Aliporidhika kuwa vimelingana, kikapu kikatundikwa mizanini: kilo kumi na mbili.

Muuzaji akatuuzia vidonge vya mbwa vya uzito huo, akatuonya tusizidishe hata kipande. Nilivificha kwenye tonge la ugali lenye omena, dagaa wa ziwani. Siku zilizofuata nilifukia kinyesi na kunawa kwa sabuni, mama akinisimamia kama askari. Mbwa yule alinenepa, akazeeka nasi, na hadi leo nikisikia harufu ya majani mabichi humkumbuka yeye kwanza, chai baadaye.

Siku hizi mbwa wangu ana daktari wake mjini na mizani ya umeme. Mama hachumi tena. Kila nikienda nyumbani humtoa kitandani nikambeba hadi juani, mikono yake shingoni mwangu.

Juzi aliniuliza sikioni, "Kilo ngapi?"

Mikono yangu ilijua kabla hatujafika mlangoni. Amepungua tena, na sana.

"Hamsini," nikasema, nikimwongezea.

"Unakisia," akasema mama, akacheka kidogo.

Laiti ningekuwa nakisia.