Chapati Kabla ya Maombi

Juzi darasani mhadhiri alituonyesha picha ya ubongo ulionywea upande wa mbele, mahali panapotunza adabu ya mtu. Mimi nikasikia harufu ya chai ya maziwa, ile ya sebuleni kwa nyanya, kule mtaani Kimumu.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, pasta alikuwa ametutembelea, na mvua ilikuwa ikipiga mabati. Babu, mwalimu mstaafu aliyetukemea tukigusa chakula kabla ya maombi, alinyoosha mkono, akachukua chapati kwenye sahani ya pasta na kuanza kutafuna. Watu wazima wote wakainamisha macho.

Nyanya alimega chapati yake, naye akala.

"Nyanya, hatujaomba!" nilimnong'oneza.

"Najua. Lakini siwezi kumwacha babu yako akosee peke yake." Kisha akapaza sauti: "Pasta, kula. Leo Mungu atatukuta tumeshiba."

Pasta alicheka, akamega.

Nilidhani nyanya naye ameharibika tabia. Leo najua jina la ugonjwa wa babu, jina ambalo nyanya hakuwahi kuambiwa. Alasiri ile, babu aliponyoosha mkono tena, alikuta sahani ya nyanya imeshasogezwa mbele yake.