Fundi Aliyekataa Kuanza na Turbo

Shemeji yake fundi, ambaye ni mwalimu, alileta gari kuukuu analoendea kazini kila siku, akitaka lifungwe turbo ya mtumba.

“Tutaanza na breki,” fundi alisema.

“Shemeji, mimi nataka mbio, wewe unaniuzia kusimama!”

Fundi hakucheka. Miaka sita iliyopita alimfungia mdogo wake turbo kama hiyo, wakakubaliana breki zisubiri. Kwenye mteremko gari halikusimama, na mdogo wake akafa. Hadi leo, injini ya turbo ikipiga mluzi barabarani, fundi huacha kazi akatazama mlangoni, kana kwamba marehemu anaingia.

“Basi nitakwenda kwa fundi mwingine.”

“Nenda, lakini kwa miguu,” fundi alisema, akitia funguo mfukoni.

Kuzuia gari la mtu ni kosa, nami sisemi vingine. Shemeji alinuna wiki nzima, akitembea, hadi breki zilipofungwa.