Mpango wa Soko Nilioupiga kwa Rula

Mgeni akilisifu soko letu jipya hapa Garsen, mimi hutafuta kisingizio cha kuondoka. Nasema nimeacha chungu motoni, au kuna mteja ananisubiri. Soko lina sakafu ya saruji, maji ya mfereji yapo, choo kipo na kina kufuli. Yote hayo ni kweli, na bado nikipita pale natazama upande wa pili.

Nilikuwa katibu wa kamati ya maendeleo ya mtaa wetu, huu wa zamani wenye safu ya maduka ya mabati na baraza zilizomegeka. Ukatibu niliupata kwa sababu nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, na watu wetu wakimwona mtu ana kompyuta humdhania ana akili. Sikuwakatalia. Kila jioni nilituma habari za mtaa kwenye kundi letu la WhatsApp: mtaro umezibuliwa, taa ya barabarani imewaka, tafadhali mbuzi wasifungwe kwenye nguzo ya taa. Watu wakanipongeza, nami nikavimba kichwa.

Wakati huo soko lilikuwa kwenye baraza zile zile za maduka, kila mtu akikaa alipozoea. Mama yangu alikuja kutoka kijiji cha Wema na ndizi na maembe, akikaa mbele ya duka lililofungwa miaka mingi. Ubavuni kwake, mkeka kwa mkeka, alikaa mwanamke wa Kiorma aliyeuza maziwa. Sisi Wapokomo ni watu wa shamba na kanisa, wao ni watu wa ng'ombe na msikiti, na wapo ambao hilo linawatosha kununiana. Wale wawili walilifanya faida. Ijumaa adhuhuri jirani akienda kuswali, mama alimuuzia maziwa. Jumapili mama akiwa kanisani, jirani alimuuzia ndizi, na kwa bei alikuwa mkali kuliko mwenyewe. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, kikombe cha maziwa kilikuja huku na ndizi mbili zikaenda kule. Bila hivyo, walisema, siku haifunguki.

Miaka kadhaa kabla sijawa katibu, ulipokuja ule mwaka mbaya, wakulima na wafugaji walipouana huku kwenye delta ya mto, soko lilikufa. Sitaki kueleza zaidi, waliokuwepo wanajua. Mambo yalipotulia kila upande uliogopa kurudi. Wa kwanza kuja walikuwa mama na jirani yake. Walitandika mikeka yao pale pale, wakashinda kutwa nzima karibu bila mteja, watu wakiwachungulia madirishani. Siku ya tatu akaja muuza samaki, kisha wakaja wengine. Nilikuwa msichana mkubwa, niliyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo sina cha kujitetea.

Mradi wa soko ulipofika, mwenyekiti wetu, bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliniambia nipange nani atakaa wapi. Nilikaa siku mbili na karatasi ya miraba na rula, ulimi umenitoka pembeni ya mdomo. Maziwa upande wa barabarani. Ndizi na matunda upande wa mtoni. Samaki mwisho kabisa kwa ajili ya harufu. Kila bidhaa na safu yake, kama supamaketi za Malindi! Watu wa mradi walinipa mkono wakasema wafadhili wanapenda mpangilio wa namna hiyo. Hakuna aliyesema kwamba hapa kwetu ukitenga maziwa na ndizi, umetenga Waorma na Wapokomo. Sikukusudia. Hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mtu mbaya angalau angejua anachofanya.

Mama alipoonyeshwa meza yake aliuliza, "Nani atakaa karibu nami?"

"Wauza ndizi wenzako, mama."

"Wote watu wetu wa mtoni?"

"Ndiyo. Si vizuri?"

Alianza kuifuta meza kwa ncha ya kanga. Nikadhani amefurahi.

Miezi ya mwanzo walijaribu. Kikombe kilivuka soko zima asubuhi, kikimwagika njiani, na askari wa soko akawa anafoka kwamba watu wasiache meza zao. Ijumaa wauza maziwa wakawa wanaachiana zamu wenyewe kwa wenyewe. Jumapili meza ya mama ilifunikwa turubai. Hakuna aliyegombana na mtu. Kikombe kikawa kinakuja mara moja kwa wiki, halafu kikaacha kuja.

Kisha ikaja asubuhi moja ya habari mbaya. Ng'ombe walikuwa wameingia shamba la mpunga huko karibu na Wema, na panga limetumika. Safu ya ndizi ilikuwa na hakika kwamba mkulima ameuawa. Safu ya maziwa ilikuwa na hakika vile vile kwamba aliyeuawa ni mchunga ng'ombe. Zamani mama angegeuza shingo tu akauliza, "Kwenu wanasemaje?" na jirani, ambaye wanawe walichunga huko huko, angemwambia. Kufika saa nne uongo ungekuwa umekwisha nguvu. Safari hii kila safu ilijisimulia yake, na kila aliyesimulia aliongeza chumvi.

Nilikuwa kibandani kwangu, ng'ambo ya barabara, nikamwona mama anatoka kwenye meza yake. Mwanamke mmoja alimshika kanga, mama akajinasua. Nikavuka mbio kumfuata. Alipofika safu ya maziwa mazungumzo yalikatika. Jirani yake wa miaka yote ile alikuwa anafunga vidumu vyake kwa kamba.

"Mwenzangu," mama akasema, "kwenu wanasemaje?"

Yule hakuinua uso. Aliifungua kamba, akaanza kuifunga upya.

"Dada, we rudi kwako," alisema kwa Kiswahili chake cha Kiorma. "Watu naangalia."

Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa limefungwa. Jioni ikajulikana kwamba hakufa mtu. Aliyekatwa alikuwa ng'ombe mmoja, mguu wa nyuma.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kumwomba abadilishe meza mbili tu. Mbili! Alicheka, akaniita "katibu wangu". "Rangi ishapigwa, majina ya safu yashaandikwa ukutani. Wageni wakija kupiga picha wakute ndizi katikati ya maziwa, mimi niwaambie nini?" Kisha akaniomba niandike kwenye kundi kwamba soko ni shwari na biashara inaendelea. Niliandika. Naona haya, lakini niliandika, na ukatibu nikauacha baadaye sana, wakati kuuacha hakukumsaidia mtu yeyote.

Jirani hakurudi. Nasikia anauzia maziwa yake soko la Tarasaa siku hizi. Mama alikaa kwenye ile meza wiki chache, kisha akaanza kuwauzia ndizi madalali shambani, wanaompangia bei wanavyotaka.

Nilimfuata Wema nikamwomba msamaha. Nilijieleza sana, kuhusu wafadhili, kuhusu mwenyekiti, kuhusu watu wa mradi. Yeye alikuwa anapepeta mchele wala hakuusimamisha ungo.

"Miaka yote ile ulikuwa unapita pale kuja kuninunulia chai," alisema. "Ulikuwa unatuona?"

"Nilikuwa nawaona, mama."

"Sasa ulipokaa na karatasi yako, ulikumbuka nini?"

Nilikuwa nimekumbuka ndizi na maziwa.