Siku ya kujifungua pacha, pasipoti ilisema Dorotea yuko Kenya

Suruali iliyo juu ya cherehani ya Dorotea Okomo ilishonwa Ulaya kwa ajili ya mtu mwenye tumbo lake. Aliyeinunua, mwalimu mmoja wa Kiseke, hana tumbo. Amesimama kando, anatazama kwa wasiwasi kiuno kizima kikifumuliwa.

"Mama Pacha, usije ukanirudishia ya kumvalisha mwanangu," anasema.

"Tulia, mwalimu. Nimekuachia akiba kwa ndani. Ukinenepa utarudi," anajibu Dorotea, pini zikiwa midomoni.

Ni asubuhi ya Oktoba 1998, soko la mitumba, katikati ya mji wa Mwanza. Tangu biashara huria iruhusiwe na marobota ya nguo yaanze kumiminika, mji umejaa suruali zisizomtosha mtu, na mafundi kama Dorotea wanakula humo humo. Kupunguza suruali moja ni shilingi mia tatu.

Chini ya meza, Apiyo na kaka yake Odongo, wa miaka miwili na ushei, wanagombania kipande cha kitambaa chekundu. Kwa ajili yao soko zima linamwita Mama Pacha. Dorotea analipenda jina hilo kupindukia, na ana sababu: kuna wakati mihuri ya serikali ilionyesha kwamba hawezi kuwa mama yao.

Dorotea, miaka 31, ni Mjaluo wa Kenya, mzaliwa wa kijiji kimoja cha ufukweni upande wa Mbita. Aliingia Mwanza mwaka 1993 kwa kibali cha matembezi cha miezi mitatu, akifuata biashara ya mitumba. Kibali kilipokaribia kwisha alipanda basi hadi mpakani, akagongewa muhuri wa kutoka, akalala upande wa kwao, kesho yake akaingia upya.

Lakini kazi ilipomnogea, safari zikawa mzigo. Wenzake wa sokoni wakamwonyesha njia yao: pasipoti anapewa kondakta wa basi, inakwenda mpakani, inagongwa mihuri miwili, inarudi. Mwenyewe yuko Mwanza anashona.

"Sikuona kama ni kosa. Kila mtu alifanya," anasema. Kisha anacheka. "Pasipoti yangu ilikuwa inatembea kuliko mimi. Nikawa naiuliza, huko nyumbani hawajambo?"

Katika kushona huko akakutana na Obedi, fundi wa injini za boti, Mjita wa Mara, aliyeleta ovaroli lake litiwe kiraka na kulirudisha wiki iliyofuata likiwa halijachanika popote. Wakaoana kimila. Mimba ikaingia, ikakua kuliko mimba za kawaida.

Juni 1996, akiwa hajiwezi hata kuinama, alimpa kondakta pasipoti kwa mara ya mwisho. Mihuri ikaonyesha ametoka Tanzania tarehe tisa na kurudi tarehe kumi na mbili. Pacha walizaliwa hapa Mwanza tarehe kumi na moja.

Hakuna aliyelinganisha tarehe hizo. Muda si mrefu basi lile likaacha kufanya safari, kondakta akapotea, kibali kikaisha. Dorotea akabaki nchini bila ruhusa, na watoto wawili mgongoni na kifuani.

Maisha ya kujificha hayana raha. Aliogopa kila sare, hata ya mlinzi wa benki. Baba yake alipofariki mwaka 1997, habari zilimfikia kwa wachuuzi wa samaki. Hakuthubutu kuvuka mpaka kwenda kumzika, kwa hofu kwamba hataruhusiwa kurudi kwa wanawe.

"Nililia hapa hapa kwenye cherehani. Wateja nikawaambia ni moshi wa pasi ya mkaa," anasema, na safari hii hacheki.

Mwanzoni mwa mwaka huu, Obedi alikwenda kuwatafutia watoto vyeti vya kuzaliwa. Karani akaomba pasipoti ya mama. Akaifungua, akaangalia kadi ya kliniki, akaangalia tena pasipoti.

"Mzee, siku hiyo huyu mama alikuwa nje ya nchi," alisema karani. "Hawa watoto wamezaliwa na nani?"

Obedi alirudi nyumbani kichwa chini. Ndugu wakakaa kikao, wakaja na ushauri rahisi: dada yake Obedi, aliye raia, aandikwe kuwa ndiye aliyezaa. Vyeti vingetoka mara moja na Dorotea asingeulizwa lolote. Kwa karatasi, angekuwa wifi wa mama yao tu.

"Nilimwambia Obedi, miezi yote ile nimebeba wawili, miguu imevimba kama mihogo, leo niwe mgeni wa watoto wangu? Hapana," anasema Dorotea.

Njia ya pili ilikuwa kwenda Uhamiaji mwenyewe na kusema yote: kwamba mihuri ni ya uongo, kwamba amekaa zaidi ya mwaka mmoja bila kibali. Huenda wangemrudisha kwao siku hiyo hiyo, na watoto wangebaki.

Alikwenda kuomba ushauri kwa Bibi Wilhelmina, balozi wa nyumba kumi wa mtaani kwao, aliyempeleka kliniki siku ya uchungu. Alimkuta akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Mbona uso umesawijika hivyo?"

Dorotea akamweleza. Bibi akaendelea kuchambua, kisha akaweka ungo chini.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe umeshazaa, tena wawili kwa mpigo. Sasa unaficha nini? Jumatatu tunakwenda wote."

Wakaenda, kila mmoja na pacha wake mgongoni. Afisa aliyewapokea, mwanamume wa makamo, alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa nini amejileta mwenyewe.

"Nikamwambia, mzee, nimechoka kumkimbia mlinzi wa benki. Na nataka watoto wangu waitwe wangu."

Bibi Wilhelmina naye hakungoja kuulizwa. "Mimi nilikuwepo. Nilimshika mkono mpaka wa pili akatoka. Mkitaka kunifunga kwa kusema hivyo, nifungeni, nimeshazeeka."

Afisa alisema kosa ni kosa, lakini faili litakwenda kwa wakubwa na uamuzi utatoka. Dorotea akarudi nyumbani kusubiri. Zilikuwa wiki tatu ngumu kuliko uchungu wenyewe.

"Nilitoa begi, nikalirudisha, nikalitoa tena. Sikujua nifungashe nguo za watu watatu au za mmoja."

Uamuzi ulikuja wa huruma. Alitozwa faini, ndoa ikasajiliwa bomani, akapewa kibali cha kuishi nchini kama mke. Vyeti vya pacha vikatoka mwezi uliopita, jina la mama likiwa Dorotea Okomo. Faini ilimeza moja ya cherehani zake mbili, lakini mafundi wenzake walimwachia zao jioni kwa zamu hadi akamaliza kazi za wateja.

"Namshukuru Mungu, namshukuru yule afisa, na Bibi Wilhelmina sijui hata nimlipe nini. Kila suruali yake... basi, gauni lake, nashona bure mpaka nife."

Desemba atapanda basi kwenda kwao, yeye, Obedi na watoto, apige magoti kwenye kaburi la baba yake. Mama yake, asiyeweza tena kusafiri, hajawaona wajukuu. Na katika kijiji chao, mama wa pacha haingii kwa wazazi wake kimyakimya: hupokelewa kwa ngoma na matusi ya utani, na anayetukana sana ndiye aliyefurahi sana.

"Mama ametuma salamu," anasema Dorotea, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Anasema niende haraka. Anayo matusi ya miaka miwili, na hajapata wa kumtukana."